Tata, Leo Tunakata Mikaratusi ya Mzee Rwegoshora

Kwako Tata, baba yangu uliyelala kibanjani kwetu Chonyonyo,

Mwanangu Koku ametia punje ya kahawa ya kutafuna mdomoni sasa hivi. Nilikuwa nimempa kisogo, natafuta gambuti chini ya kitanda, nikasikia kimya. Unakijua kimya cha mtoto wa umri ule. Nikageuka, nikamkuta amesimama juu ya kigoda, amefungua kifurushi cha jani la mgomba kilichokuwa mezani, shavu limevimba, ananitazama kama mgeni mzima aliyekaribishwa vizuri. Nikaingiza kidole, nikaitoa. Amelia kidogo, halafu akanyoosha mkono kutaka nyingine. Sasa amekaa mkekani anapiga sufuria kwa mwiko, na kifurushi nimekipandisha juu ya kabati.

Kahawa yenyewe imeletwa asubuhi hii na mama Leokadia, mke wa Mzee Rwegoshora. Naandika hata yale unayoyajua, Tata, maana siku moja Koku atajifunza kusoma na ningependa aelewe. Mzee Rwegoshora ni yule mliyekula naye kahawa ya omukago mkiwa vijana, mkawa ndugu bila kuzaliwa tumbo moja. Ndiye aliyekushika mguu wakati tunakuteremsha kaburini. Mimi ananiita mwanangu, na mimi namwita baba.

Mama Leokadia hakukaa. Alisimama mlangoni, nikapiga magoti nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, waitu, mwana wetu. Mzee amesema nimletee mwanawe kahawa ya asubuhi."

"Ahsante mama. Karibu ndani, kuna uji."

"Uji nimekunywa. Wewe tafuna kahawa yako kwanza, kabla hujaenda huko unakokwenda."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akaangalia ile fulana ya njano inayong'aa niliyoitundika kwenye msumari, akasema, "Rangi inakupendeza. Baba yako naye ilimpendeza," akaondoka bila kungoja jibu.

Kwa hiyo kifurushi kiko juu ya kabati na mimi sijatafuna. Kwetu, ukishatafuna kahawa ya mtu, siku hiyo huwezi kwenda kwake na panga. Mama Leokadia analijua hilo, mzee analijua, na mimi nalijua. Na gari la shirika linakuja kunichukua asubuhi hii twende kwa mzee huyo huyo, na panga.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Tangu kiangazi nimepata kibarua kwenye lile shirika lako la umeme. Si kazi ya kupanda nguzo, usishtuke. Ni kufyeka njia ya waya, kukata matawi na miti iliyosogelea laini. Tuko wanawake wachache na wanaume wenye misumeno ya mota. Msimamizi wetu ni Bwana Mutalemwa, mtu wa Muleba, mpole lakini ana haraka. Kinyambo kinampiga chenga, kwa hiyo kila tukifika kwa mtu ananituma mimi mbele niongee. Ananiita mdomo wa kikosi. Juzi aliniambia, "Mama Koku, tukimaliza kwa yule mzee wa mikaratusi kwa amani, jina lako napeleka kwenye mkataba. Tukishindwa, mimi nitasema nini ofisini?"

Mkataba, Tata. Mshahara wa kila mwezi, likizo, na kadi ya matibabu yenye jina langu na la Koku.

Wewe unaijua thamani ya kadi hiyo kuliko mtu yeyote hapa. Nakumbuka mama alipopasuliwa uvimbe. Watu walikuja kutupa pole na wakauliza mtauza kipande gani cha kibanja. Ukatoa ile kadi mfukoni, ukaifuta kwenye suruali kama mtu anayefuta miwani, ukasema, "Hatuuzi kitu." Mama alirudi na tumbo limefungwa vizuri na migomba yetu ilikuwa pale pale. Mwaka ule bei ya kahawa ilianguka, majirani wakala mihogo, na sisi tulikula mihogo kwa kupenda tu.

Mimi sikuwa na kadi Koku alipobanwa na kifua. Tulikuwa tumeshapoteza migomba mingi kwa mnyauko, unakata shina unakuta usaha. Baba Koku aliuza kahawa yetu butura, ingali mbichi mtini, kwa mtu aliyejua kabisa kwamba tuna mtoto wodini. Mavuno yalipofika tukasimama pembeni tukamwangalia akivuna. Usiniulize kwa nini naitaka kazi hii.

Lakini nakumbuka na upande wa pili, maana niliuishi.

Nakumbuka walipokuhamishia Songea, au ni mama alinisimulia mpaka nikawa kama nakumbuka. Uliondoka sijaota meno ya mbele, ukarudi likizo nina meno yote, nikakukimbia, nikajificha nyuma ya kitenge cha mama. Ukachuchumaa ukaniambia, "Huyu mtoto ananidai salamu." Mama akasema kwa sauti ya chini, "Anakudai zaidi ya salamu." Ulifungua begi ukatoa viatu ulivyoninunulia, na vilikuwa vidogo, kwa sababu ulikuwa unapima mguu uliouacha. Uliviangalia viatu vile muda mrefu. Baadaye mama alimpa mtoto wa shangazi.

Nakumbuka Jumapili kanisani, mvua imepiga tangu alfajiri, mchungaji yuko katikati ya mahubiri, na simu yako inatetemeka kwenye benchi. Unanyanyuka umeinama. Watu wanageuka. Wengine wanakupisha kwa heshima, wengine wananong'ona kwamba tajiri anaitwa. Tajiri wa nini, na chakula cha mchana kinapoa mezani mpaka mama anakirudisha chunguni.

Na lile la harusi kule Kanoni, mpaka leo nacheka peke yangu. Bibi harusi ndio kwanza anaingia, muziki umepamba moto, umeme ukakatika. Ukumbi mzima ukageuka kukuangalia wewe. Ulikuwa na suti, sahani ya pilau mkononi, uko likizo. Mtu wa meza ya nyuma akasema, "Bwana Umeme, si ungemaliza kula kwanza ndipo uzime?" Watu wakaangua kicheko. Ukaweka sahani chini, ukaomba udhuru, ukatoka na suti ile ile kwenda kutafuta tatizo liko transfoma gani. Mama alikula pilau yako.

Kila giza lilikuwa kosa lako. Shuleni waliniambia, "Mwambie baba yako arudishe." Msimu wa senene ndio ulikuwa mbaya kuliko yote. Watu wamesimamisha mabati, wamefunga taa kali za kuwavutia, wadudu wameanza kushuka kama mvua, halafu laini inaanguka. Walikuja nyumbani kundi zima, na mmoja akasema senene hawangoji ofisi. Ulimjibu nini? "Hata mimi mke wangu amefunga taa, na yeye amekasirika kuliko wewe." Wakacheka, wakakusaidia kubeba ngazi. Ulikuwa na namna ya kuongea na watu, Tata. Waliokaa ofisini hawakuwahi kukutana na watu wale. Wao walituma maneno, wewe ukayafikisha na sura yako.

Na kuhusu kahawa ulikuwa na utaratibu wako. Shirika lilikataza kupokea chochote kwa mteja. Desturi yetu inakataza kukataa kahawa ya mwenye nyumba. Watu walishagundua hilo. Wakikuona tu unaegemeza ngazi, mama wa nyumba anatoka mbio na kikapu, "Karibu kahawa, waitu," ili ukitafuna tu, mikono yako ifungwe. Wewe ulikuwa unajibu kutoka kule kule juu ya nguzo, "Nakuja mama, ngoja nishuke." Unamaliza kazi kwanza. Kama ni kukata, unakata. Kama ni kukuta waya wa wizi, unautoa. Ndipo unashuka, unaomba maji, unanawa mikono, unaingia sebuleni kwao, unakaa na kunyoosha mkono. Wengine walikupa. Wengine walikuacha ukae na mkono umenyooshwa mpaka uuteremshe mwenyewe. Nilikuuliza kwa nini ulijitesa hivyo, si uende zako tu. Ulisema, "Nikienda zangu, nitakuwa nimemkatia umeme na undugu. Mimi nimetumwa kukata umeme tu."

Sikuelewa nikiwa mdogo. Nimeelewa wiki hii.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma. Ulikosea utaratibu wako mara moja tu, na ilikuwa kwa Mzee Rwegoshora. Uliniambia mwenyewe, ukiwa tayari umelala na upande mmoja wa mwili umekataa. Ulisema ulipita kwake ukikagua laini ya kwenda Rugera, ukaona amepanda miche ya mikaratusi mstari mzima chini ya waya. Ilikuwa inafika magotini. Mtu angeweza kuing'oa kwa mkono mmoja. Lakini ulikuwa umeanza kwa kuingia ndani, kwa sababu ni ndugu yako, akakupa kahawa, ukatafuna. Mlipotoka nje akakuonyesha miche kwa furaha, akasema, "Hii ndiyo pensheni yangu. Ikikomaa nitawauzia ninyi nguzo." Mkacheka wote wawili. Na wewe ukiwa na kahawa yake mdomoni ukashindwa kusema ng'oa.

"Niliona miche nikanyamaza," uliniambia. Ulilirudia na kesho yake, kana kwamba hukuwa umeshalisema.

Miche ile sasa ni mirefu kuliko nguzo, Tata. Mvua za juzi upepo uliisukuma ikapiga waya, waya ukakatika ukaangukia njia ya kwenda kisimani. Mbuzi wa jirani alikanyaga akafa pale pale. Watoto walikuwa wameshapita na madumu yao. Mimi nilikuwa nyuma yao, Koku mgongoni. Nilimwona yule mbuzi amekakamaa na majani bado yako mdomoni, nikasimama, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi, mpaka mtu akaja akapiga kelele tusiguse. Tangu siku ile nikichota maji nazunguka njia ndefu ya bondeni.

Shirika lilimpa mzee taarifa. Akaikunja akaweka chini ya godoro. Bwana Mutalemwa akaenda mwenyewe, akamweleza kwamba mbao na kuni zote zitabaki zake, wao wanataka njia tu. Mzee akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mfanyakazi wenu aliiona miti hii ikiwa midogo. Alikuwa na kofia yenu kichwani. Hakusema neno. Kama ni kosa, mbona hakusema?"

Bwana Mutalemwa alirudi garini akaniuliza, "Huyo mfanyakazi ni nani?"

Nikamwambia ni baba yangu.

Akasema, "Basi hilo wewe ndiye wa kulimaliza."

Jana jioni nilikwenda kwa mzee, mikono mitupu, bila fulana ya njano. Alikuwa anaanika kahawa. Nilimsaidia kugeuza kwa reki, na tuliongea ya mvua na ya mnyauko mpaka tukaishiwa. Ndipo akasema bila kuniangalia, "Nasikia kesho unakuja."

"Nakuja baba."

"Unakuja kama nani?"

Akaendelea kugeuza kahawa. "Watoto wangu wote wako mjini na hakuna anayenitumia hata sabuni. Baba yako alikuwa na pensheni. Mimi sikuajiriwa na mtu. Niliajiriwa na hiyo miti unayoiona pale. Sasa na wewe umekwenda kuajiriwa na wenye waya. Haya. Kila mtu na mwajiri wake."

"Baba, waya uliua mbuzi."

"Mbuzi alilipwa."

"Na ningekuwa mimi?"

Hapo akasimamisha reki. Akasema kahawa ikilowa na umande inaharibika, nimsaidie kukunja turubai. Nikamsaidia. Nikarudi nyumbani. Na asubuhi hii ndipo kifurushi kikaja.

Baba Koku nimemweleza yote. Alikuwa ameinama anafunga mnyororo wa baiskeli. Akasema, "Amua wewe. Mtoto nitabaki naye." Nikamwuliza yeye angefanya nini. Akasema, "Mimi? Mimi ningetafuna nikalala." Tukacheka kidogo. Nilimwuliza tena, kama nikikosa huu mkataba itakuwaje. Safari hii hakutania. Alisema, "Tutaishi. Ila Koku akikohoa usiniangalie."

Ninaogopa, Tata. Naogopa nisipokwenda, kwa sababu waya utaanguka tena na watoto wa hapa hawajui kuzunguka bondeni. Naogopa na kwenda. Nikishaingia humo shirikani nitakuwa mtu wa kuhamishwa, mtu wa kuitwa katikati ya ibada, mtu wa kugeukiwa ukumbi mzima. Koku anaweza kunikimbia siku moja kama nilivyokukimbia wewe, akajificha nyuma ya suruali ya baba yake. Nitamnunulia viatu vya mguu nilioukumbuka. Na kwa Mzee Rwegoshora naweza nisiingie tena maisha yangu yote, na yeye ndiye baba niliyebaki naye.

Lakini wakati naandika haya kuna kitu kimenijia, na ndiyo sababu sikukuandikia kukulaumu. Nilikuwa nikifikiri kifurushi kile ni mtego tu. Sasa naona mzee naye anaogopa. Hataki niende na panga, lakini zaidi ya hapo hataki niende nikiwa na mdomo ulio wazi. Wewe ulinyamaza kwa sababu ulikuwa umetafuna. Mimi sijatafuna. Kwa hiyo naweza kumwambia lile ambalo hukumwambia: kwamba hukunyamaza kwa kukubali. Kwamba ulimpenda ukashindwa kumharibia furaha yake, na kwamba lilikutesa mpaka kitandani. Amekuwa akiamini miti ile ina ruhusa yako. Hajui ina huruma yako tu.

Na nitamwambia la pili, ambalo ni langu. Akishaniacha tukate, ule mteremko wake wa juu, mbali na waya, nitampandia mimi. Miche naweza kuotesha hapa hapa nyuma ya nyumba. Mkataba ukipatikana nitapanda nikitoka kazini, usipopatikana nitapanda mchana kutwa. Si pensheni ya kesho, lakini sikumbuki kama ile ya kwanza ilikuwa ya kesho. Na kadi nikiipata, haitakuwa na jina lake, najua haiwezekani, ila siku akiugua nitampeleka hospitali kwa mshahara huo huo anaouchukia.

Unaona nilivyo? Bado sijaajiriwa, nimeshaanza kugawa mshahara. Mama angesema nimerithi kwako.

Nina tumaini, Tata. Ni dogo, linatetemeka, lakini lipo. Ningependa ungekuwepo tu uniambie nisimame upande gani wa mti. Lala salama kibanjani, karibu na mama. Mvua zikikatika nitakuja kupalilia pale miguuni kwenu.

Mimi mwanao,
Mama Koku

Nimeshaaga lakini ngoja niongeze. Msumeno umeanza kulia ng'ambo ya bonde, upande wa kwa mzee. Gari limepita kule kwanza, halikuja kunichukua. Bwana Mutalemwa ameona nachelewa, au ameona bora nisiwepo. Koku ameacha sufuria, anasikiliza na yeye.

Umenyamaza. Msumeno umenyamaza ghafla. Baba Koku amekimbia mpaka mgombani kwenye kilima kuangalia, amekutana na kijana aliyetoka kule mbio, sasa ananipigia kelele, anasema mzee ameketi chini katikati ya mikaratusi yake, amekunja miguu, amewaambia mafundi hatoki mpaka aje mtoto wa Bwana Umeme. Hakusema aje mtu wa shirika. Amesema mtoto. Ananiita tena, Mama Koku, fanya haraka, wale vijana wamewasha tena. Nimeshavaa gambuti. Nitamwamkia kwanza, Tata, kwa magoti, mbele ya wote, ndipo nitamshika mkono nimwinue, na asiponyanyuka nitakaa naye pale pale chini mpaka nimwambie yote mawili. Naacha kalamu, Tata, naitwa.